PesaCheck darasani: yafaa sana, ila kata kichwa cha habari

Nafundisha Kiswahili kidato cha tatu, na mada inayonitoa jasho kila mwaka ni kutenganisha ukweli na maoni. Wanafunzi wengi huja wakiamini kwamba kauli ikiwa ya uongo basi ni maoni. Sivyo hata kidogo. "Kenya ina kaunti 50" ni uongo, lakini si maoni: fungua Katiba ya 2010, hesabu, utapata 47. "Kaunti 47 ni nyingi mno", hayo sasa ndiyo maoni, na hakuna orodha itakayomaliza ubishi huo.

Kwa kazi hii nimeegemea tovuti ya PesaCheck. Ilianza 2016 ikikagua madai kuhusu fedha za umma, ndiyo maana ya jina lake. Siku hizi hukagua hata matangazo bandia ya kazi na kurasa za mbele za magazeti zilizoghushiwa. Kusoma ni bure. Ninachokipenda zaidi ni kwamba wanaonyesha njia waliyopita: dai lilionekana wapi, gazeti lenyewe lilichapisha nini siku hiyo, wahusika walisema nini. Mwishoni huandikwa jina la aliyehakiki na la mhariri.

Tatizo ni kwamba uamuzi huwekwa kwenye kichwa cha habari. Mtoto akishauona, hana haja ya kusoma. Kwa hiyo mimi huchapisha makala kwenye karatasi (shuleni kwetu simu ni marufuku), nakata kichwa na aya ya mwisho kwa makasi, kisha nawagawia. Hapo ndipo darasa huchangamka. Mmoja ataona herufi hazifanani na za gazeti halisi, mwingine atadai tarehe, wa tatu atauliza mbona habari kubwa hivyo haina jina la mwandishi.

Upande wa maoni hutaupata humo, maana kazi yao ni madai yanayoweza kukaguliwa. Mimi huongezea tahariri ya gazeti la Taifa Leo, tukipigia mstari kila sentensi ambayo PesaCheck wangeweza kuihakiki. Zikitokea nyingi, wanafunzi hushangaa.

Makala nyingi ni za Kiingereza. Natamani za Kiswahili ziongezeke, kwa sababu uvumi unaowafikia wazazi wa watoto hawa kwenye WhatsApp mara nyingi huja kwa Kiswahili. Kwa sasa natafsiri mwenyewe usiku.