Betri ya baiskeli ya umeme imekufa: njia za kuchagua ukiwa Mwanza, kuanzia bora hadi ya kukataa

Kwenye baiskeli ya umeme iliyozeeka, kinachotangulia kuchoka ni betri. Mota inazunguka vizuri, fremu haina neno, lakini ukianza kupanda kuelekea Bugando umeme unakata, unashuka na kusukuma. Ukiingia dukani ukiwa katika hali hiyo utauziwa chochote. Nimezipanga njia zilizopo kwa namna ambayo ningemshauri ndugu yangu mwenyewe.

1. Pima kwanza, huenda hununui betri kabisa

Hii naiweka juu ya zote kwa sababu ndiyo ya bei ndogo na ndiyo inayorukwa. Tafuta mita ya kupimia volti, au fundi mwenye mita hiyo. Anza na chaja: ichomeke kwenye umeme bila betri, pima ncha zake. Chaja ya lithiamu ya volti 36 kwa kawaida husoma karibu 42, ya volti 48 husoma karibu 54.6. Kama haitoi kitu, huenda tatizo umelipata, ingawa baadhi ya chaja hazitoi umeme mpaka ziunganishwe na betri. Angalia pia fyuzi, na kutu kwenye soketi, hasa kama baiskeli hulala nje wakati wa masika.

Chaja ikiwa nzima, betri ifunguliwe na mtu anayeijua kazi hiyo. Ndani ya betri ya volti 36 kuna makundi 10 ya seli yaliyoungwa mfululizo. Ya volti 48 yana 13. Nyaya nyembamba hutoka kila kundi kwenda kwenye kibao cha ulinzi, ambacho mafundi hukiita BMS. Pimeni kundi moja moja. Makundi yote yakisoma 3.7 hivi na huku tundu la kutolea umeme linasoma sifuri, seli bado ziko hai, kibao ndicho kimekata au kimeungua. Kubadilisha kibao ni gharama ndogo ukilinganisha na betri nzima.

Mkikuta tisa yanasoma 3.8 na moja linasoma 1.6, hilo moja limekufa. Fundi akikwambia ataliamsha kwa kulichaji pembeni, kataa. Seli ya lithiamu ikikaa muda mrefu chini ya volti 2, shaba iliyo ndani huanza kuyeyuka. Ukiichaji tena, shaba ile hujijenga mahali pasipotakiwa mpaka seli inapiga shoti yenyewe, labda usiku, wewe umelala.

2. Betri mpya iliyofungwa tayari

Kama seli zimekwisha kweli, hii ndiyo chaguo langu. Volti lazima zilingane na za zamani. Baiskeli nyingi za mtumba kutoka Japani ni za volti 25 hivi, makundi 7. Mtu asikuuzie ya 36 akisema "itakwenda kasi zaidi". Soma pia ampea zilizoandikwa kwenye kontrola, kile kisanduku kinachopeleka umeme kwenye mota. Kama ni 15, BMS ya betri mpya iweze kutoa zaidi ya hapo bila kukata, kwa sababu milima ya Isamilo na Bugando haina huruma.

Kisha omba mizani. Seli ya kawaida ya 18650 (kipenyo milimita 18, urefu 65) ina uzito wa gramu 45 hadi 48, na zilizo nzuri huishia karibu 3500 mAh (mAh ni kipimo cha chaji inayobebwa; 1000 ni sawa na Ah 1, yaani ampea-saa moja). Iliyoandikwa 9900 ni uongo, hakuna seli ya ukubwa huo inayobeba chaji hiyo. Sasa piga hesabu: betri ya volti 36 na Ah 20 inahitaji seli kama 60 hata kwa zile bora, yaani kilo 2.8 za seli tupu, kabla ya kasha na nyaya. Ukiwekewa mezani betri ya "Ah 20" yenye kilo mbili, muulize muuzaji seli nyingine ziko wapi.

Kulinganisha bei, zidisha volti kwa Ah upate wati-saa, halafu gawanya bei kwa jibu hilo. Volti 36 na Ah 10 ni wati-saa 360. Na kwa kuwa abiria wa ndege haruhusiwi kubeba betri ya lithiamu inayozidi wati-saa 160, usimwombe shangazi anayetoka Dar kwa ndege akuletee kwenye begi. Ije kwa njia ya barabara, na ije na chaja yake.

Ukipata ya lithiamu fosfati na una mahali pa kuifunga, ichukue. Ni kubwa na nzito zaidi, lakini huvumilia kuchajiwa mara nyingi zaidi na haishiki moto kirahisi. Tahadhari tu na zile za volti 12 zinazouzwa kwa ajili ya sola na taa za dagaa: kuunga tatu mfululizo kunafaa pale tu mtengenezaji anapokuruhusu, maana BMS za nyingi hazikutengenezwa kwa hilo.

3. Seli mpya ndani ya kasha la zamani

Inafaa pale kasha linapoingia kwenye fremu na hupati jingine. Masharti yangu mawili: seli zote zibadilishwe, za aina moja, na fundi awe na mashine ya kuchomelea utepe wa nikeli. Anayezilehemu kwa pasi ya kulehemu anaziunguza kabla hata hujaipanda baiskeli. Baiskeli za mota za Bosch au Shimano ziulizie mapema. Betri zake huwasiliana na mota, na huweza kugoma hata zikiwa na seli mpya.

4. Betri za risasi

Hizi ni za asidi, kama ya gari. Nne za volti 12 na Ah 12 zina uzito wa kilo 16 hivi, na ukizimaliza zaidi ya nusu kila siku hazidumu. Zinamfaa anayeishi bondeni na kufanya kazi bondeni. Chaja yake isiguse betri ya lithiamu kamwe: ya volti 36 hupanda hadi karibu 44, na lithiamu mwisho wake ni 42.

5. Ya mtumba, au kubandika seli za kompyuta kuukuu

Betri ya mtumba nitaikubali ikipimwa mbele yangu kwa kuendeshwa mpaka iishe, si kwa kuangalia volti tu. Kuchanganya seli kuukuu na mpya sikubali kabisa. Seli dhaifu hujaa kwanza na kuisha kwanza, kila siku, na kundi lile hufa tena mapema. Fundi akianza kuchomoa mojamoja na kuingiza zilizotoka kwenye kompyuta, mwambie afunge kasha, mlipe gharama ya kupima, uondoke na betri yako.