Mfululizo wa X: ununue mchezo upi kwanza?

Wengi wanaotaka kuonja X, michezo ya kompyuta ya kurusha meli za anga na kufanya biashara, ya kampuni ya Egosoft ya Ujerumani, huanza na ule wa kwanza, wa mwaka 1999. Hakuna haja. X: Beyond the Frontier hukupa meli moja tu mwanzo hadi mwisho, kumiliki kundi la meli kulikuja na X-Tension mwaka 2000. Chagua kwa kuangalia prosesa ya kompyuta yako.

Kama ina nguvu, nunua X4: Foundations (2018). Huu ndio bora kuliko yote. Meli yoyote unayoimiliki unaweza kuirusha mwenyewe, na meli za kivita hujengwa kwa bidhaa zilizotoka viwandani na kusafirishwa kweli. Shambulia wabeba mizigo wa adui, naye atashindwa kujenga meli mpya. Tatizo ni kwamba kompyuta hukokotoa shughuli za meli zote, hata zilizo mbali nawe, hivyo mchezo huzidi kuwa mzito kadiri vituo vinavyoongezeka. Kushusha ubora wa picha hakusaidii sana, maana mzigo uko kwenye prosesa. Uwe na RAM ya GB 16 na kadi ya picha inayokubali Vulkan, mfumo wa kuchora picha ambao mchezo unautumia. Duka la mtandaoni la Steam hurudisha pesa ndani ya siku 14 kama hujapitisha saa 2 za kucheza. Ukiona mchezo unakwama mapema hivyo, urudishe, kwa sababu baadaye kukwama kutazidi.

Anza bila nyongeza. Ya kwanza kuongeza iwe Cradle of Humanity (2021): meli za Terran, yaani watu wa Dunia, hujengwa kwa aina chache za bidhaa, kwa hiyo mnyororo wa viwanda ni mfupi. Tides of Avarice inawafaa wanaopenda uharamia na kuchakata vyuma chakavu. Ukishaingia, tega setelaiti karibu na vituo unavyofanya navyo biashara, la sivyo utatumia bei zilizopitwa na wakati. Kiwanda rahisi cha kuanzia ni cha seli za nishati: hakihitaji malighafi, na seli huuzwa kati ya kredi 10 na 22. Lakini kijenge kwenye sekta (eneo la anga) yenye jua kali. Kwenye jua hafifu uzalishaji hushuka.

Kompyuta ya zamani? Chukua X3: Terran Conflict (2008) pamoja na Albion Prelude (2011), ambayo haichezeki bila Terran Conflict. Mwenye Albion Prelude hupata nyongeza ya Farnham's Legacy (2021) bure. X3 hutegemea kiini kimoja cha prosesa, kwa hiyo kasi ya kiini ina maana kuliko wingi wa viini. Beba bima za uokoaji: bila hizo huwezi kuhifadhi mchezo ukiwa angani, hadi utie nanga kituoni. Kifaa cha meli kiitwacho SETA huharakisha muda hadi mara 10, kinafaa sana safarini, ila kizime ukikaribia sekta za Xenon, mashine adui, kwani adui hukufikia kabla hujageuka.

X3: Reunion (2005) na X2 (2003) ni kwa wanaofuatilia hadithi tu.

X Rebirth (2013) iwe ya mwisho. Masahihisho yameondoa kasoro nyingi za mwanzo, lakini bado utarusha meli moja, Albion Skunk. Nyingine unaziamuru tu.