Projekta ya nyumbani kwa bajeti ndogo: nunua mwanga kwanza

Ukitafuta projekta mtandaoni, utakutana na visanduku vidogo vyeupe, ukubwa wa kopo la maziwa, vilivyoandikwa lumeni (kipimo cha wingi wa mwanga) 12,000, lumeni 18,000, na vingine vimezidi hapo. Projekta inayotoa lumeni 12,000 za kweli ni mashine ya ukumbi wa mikutano: nzito, feni zake zinavuma, na bei yake haimo kabisa kwenye mazungumzo haya. Kwa hiyo ile namba ya kwanza unayoiona kwenye tangazo ndiyo ya kwanza kuipuuza.

Namba ya kutafuta ni lumeni za ANSI, au lumeni zilizopimwa kwa kiwango cha ISO 21118. ANSI ni taasisi ya viwango ya Marekani. Katika kipimo chake picha nyeupe hugawanywa miraba 9, mwanga ukapimwa katikati ya kila mraba, kisha wastani wake ukazidishwa kwa eneo la picha. Hapo muuzaji hawezi kupima katikati tu, penye mwanga mwingi, na kuziacha kona zilizofifia. Ukikuta neno "lumeni" peke yake, au "lumeni za chanzo cha mwanga", jua kilichopimwa si kile kitakachofika ukutani. Epson imewahi kuwapeleka mahakamani nchini Marekani wauzaji wa projekta za bei nafuu kwa sababu ya namba hizi za kukuza, kwa hiyo si malalamiko ya wanunuzi wachache tu.

Hesabu ifuatayo ni fupi, nayo ndiyo itakayoamua ununue nini. Picha ya inchi 100, zikipimwa kutoka kona hadi kona, ina upana wa mita 2.21 na kimo cha mita 1.25, yaani karibu mita za mraba 2.75. Projekta yenye lumeni 200 za ANSI, kwenye ukuta mweupe wa kawaida, itakupa mng'ao wa niti 23 hivi (niti ni kipimo cha mng'ao wa picha unayoiona). Kumbi za sinema hulenga niti 48. Umepata nusu tu, tena gizani. Ipunguze picha hadi inchi 80 nawe unafika niti 36. Ipunguze hadi inchi 60 unapata 64. Projekta ni ile ile, mwanga ni ule ule, ila umekusanywa mahali padogo. Ukipanua picha mara mbili kwa upana, mwanga wa kila sehemu unabaki robo. Ndiyo maana mtu mmoja anasifia projekta yake na mwenzake anailalamikia, kumbe wamenunua aina moja.

Kwa chumba chenye giza la kweli, lumeni 400 hadi 700 za ANSI zinatosha kabisa picha ya inchi 100. Kama taa itabaki imewashwa, anzia 2,000. Kama unataka kutazama mchana na mapazia wazi, nakusihi nunua televisheni. Projekta haiwezi kutoa weusi. Sehemu nyeusi ya picha ni rangi ya ukuta wako usiopigwa na mwanga. Jua likishaupiga ukuta, weusi wote umegeuka kijivu, na lumeni 3,000 haziwezi kuurudisha.

Sasa tuzipange, kuanzia ile ambayo ningemnunulia ndugu yangu.

1. Projekta ya balbu, 1080p asilia (yaani yenyewe ina pikseli, nukta za picha, 1920 kwa 1080), ya mtengenezaji anayejulikana

Epson, BenQ, Optoma, ViewSonic, Acer: hizi hutoa projekta za nyumbani zenye lumeni 2,000 hadi 3,500 hivi, na namba yao hukaribia ukweli. Ni kubwa, hazivutii macho mezani, feni yake inasikika, na hula umeme wa wati 200 hadi 300. Lakini kwa picha, hakuna kitu cha bei ya chini kinachozifikia.

Ndani yake kuna teknolojia mbili. Ya kwanza ni DLP, iliyotokana na kazi ya Larry Hornbeck wa Texas Instruments mwaka 1987: chipu yenye vioo vidogo sana, maelfu kwa maelfu, kila kimoja kikigeuka upande huu na ule kurusha mwanga au kuuficha. Picha yake ni kali na weusi wake si mbaya. Kasoro yake ni kwamba rangi hazitoki pamoja, hufuatana kwa kasi kubwa, na baadhi ya watu huona mistari ya upinde wa mvua wakigeuza macho haraka. Kabla ya kulipa, tazama maandishi meupe juu ya weusi na uyahamishe macho kutoka kona moja hadi nyingine. Usipouona upinde, huna haja ya kuwaza tena. Ukiuona, usijidanganye kwamba utauzoea. Wapo wanaopata maumivu ya kichwa.

Ya pili ni 3LCD. Mwanga mweupe hugawanywa kuwa mwekundu, wa kijani na wa bluu, kila mmoja ukapita kwenye paneli yake, kisha prizimu ikaunganisha yote. Upinde haupo, na rangi zina mwanga mwingi kuliko projekta nyingi za DLP zilizoandikwa lumeni sawa. Kwa sebule ya familia yenye watu wengi na macho tofauti, ningechagua hii.

Balbu hudumu saa 3,000 hadi 5,000 hivi, na zaidi ukiiweka kwenye hali ya kubana matumizi. Saa hizo huhesabiwa hadi mwanga utakapobaki nusu, kwa hiyo balbu haifi ghafla tu, hufifia polepole bila wewe kugundua. Ukitazama saa 3 kila siku, saa 4,000 ni zaidi ya miaka 3 na nusu. Ulizia bei ya balbu halisi kabla ya kununua projekta yenyewe.

2. Projekta ya ofisini au darasani, iliyokwishatumika

Hii wengi wanaidharau, nami nadhani wanakosea. Ofisi zinapobadilisha vifaa huuza projekta nzuri za 3LCD na DLP zenye lumeni 3,000, kwa bei inayokaribia ya zile za kopo la maziwa. Nyingi zina pikseli 1280 kwa 800, pungufu ya 1080p, lakini ukikaa mita 3 kutoka picha ya inchi 90 hutalia. Epuka zile za 1024 kwa 768 kama unaweza, kwa sababu umbo lake ni la mraba mraba na filamu itaacha mistari mipana myeusi juu na chini.

Kununua mtumba ni pata potea usipokagua. Fungua menyu utazame saa za balbu, ukikumbuka kwamba kihesabio kinaweza kurudishwa sifuri. Tia ukurasa mweupe mtupu: madoa ya manjano au bluu yasiyohama ni dalili kwamba paneli ya LCD imechoka, nukta nyeupe au nyeusi zisizobadilika kwenye DLP ni vioo vilivyokwama, na vikianza huongezeka. Kisha iache iwake nusu saa. Ikijizima, joto halitoki, nawe usiichukue hata kwa nusu ya bei.

3. Projekta ya LED yenye paneli moja ya LCD, iliyozibwa

Hapa ndipo soko lilipojaa, na hapa ndipo watu wanapoingia mkenge. Muundo wake ni rahisi: LED moja nyeupe, paneli moja ya LCD, lenzi. LED hudumu saa 20,000 au zaidi na umeme unaotumika ni mdogo. Tatizo kuu ni vumbi. Zile za bei ya chini kabisa hupitisha hewa ya feni juu ya paneli yenyewe ili ipoe, na hewa huja na vumbi.

Ya kwangu ya kwanza ilikuwa hivyo. Mwezi wa nne tukiwa tunatazama mechi, mpira ukawa unapotea ndani ya wingu dogo la kijivu kila ulipofika kona ya chini kulia. Mwanzoni tulidhani ni uwanja. Aliyeniuzia alisema vumbi halimo kwenye waranti. Niliichomoa kwenye umeme, nikaiacha ipoe hadi kesho yake, nikafungua skrubu za mfuniko: juu ya paneli kulikuwa na uzi mmoja wa sufu, mfupi kuliko ukucha, umejikunja kama nywele. Niliutoa kwa brashi laini ya lenzi. Wiki chache baadaye kikaja kingine. Iliniuma, kwa sababu mashine ilikuwa nzima, ila imejengwa kwa namna ambayo lazima ichafuke.

Kwa hiyo tafuta maelezo yanayosema wazi kwamba njia ya mwanga imezibwa. Tafuta pia pikseli asilia 1920 kwa 1080. Neno "inakubali 1080p" au "inakubali 4K" lina maana moja tu: ukiitia video hiyo haitaikataa, itaipunguza hadi pikseli ilizonazo, ambazo huenda ni 800 kwa 480. Na lumeni za ANSI zisipungue 400. Ukipata vyote vitatu pamoja, umepata kitu cha kufaa chumba cha kulala. Nembo ya HDR (picha yenye tofauti kubwa kati ya mwanga na giza) kwenye boksi lake isikuongezee hata senti moja, maana mwanga wa kuionyesha haupo.

4. Projekta ndogo ya kubeba, yenye betri

Nyingi ni DLP yenye LED, lumeni 150 hadi 400 za ANSI. Zimejengwa vizuri, hazina shida ya vumbi, na ni raha kuitoa nje usiku au kuirusha darini ukiwa umelala. Lakini unalipia betri na udogo, si picha. Kama itakaa mahali pamoja sebuleni, usiinunue. Betri kwa kawaida hutosha filamu moja, tena ukipunguza mwanga.

5. Vitoto vya pikseli 320 kwa 240

Danganya toto. Hata maandishi ya chini ya filamu hayasomeki. Pesa hiyo iongeze kwenye namba 2.

Projekta za leza zinazokaa sentimita chache kutoka ukutani nimeziacha makusudi. Ni nzuri, ila si za bajeti ndogo.

Ukishachagua aina, chukua futi kamba kabla ya kulipa. Kila projekta ina uwiano wa umbali: gawanya umbali wa kutoka lenzi hadi ukutani kwa uwiano huo, utapata upana wa picha. Uwiano wa 1.2 ukiwa mita 3 kutoka ukutani unakupa upana wa mita 2.5, ambayo ni inchi 113 hivi. Projekta nyingi za bei nafuu hazina zumu ya lenzi, kwa hiyo ukitaka picha ndogo itabidi uisogeze mashine yenyewe. Wengi hugundua hili baada ya kutoboa dari.

Na iweke iutazame ukuta moja kwa moja. Ukiiweka pembeni, picha hutoka upande mmoja mpana na mwingine mwembamba, halafu projekta "inainyoosha" kwa kutupa sehemu ya pikseli zake. Zile 1080p ulizozilipia hazibaki zote, na herufi hulegea. Kunyoosha kidogo si dhambi, lakini usipange samani zako ukitegemea huko.

Programu zilizomo ndani zisikuvute. Netflix huhitaji kifaa kilichoidhinishwa. Projekta nyingi za bei ya chini zina Android isiyo na idhini hiyo, na matokeo yake ni picha hafifu au programu isiyofunguka kabisa. Kurusha kutoka simu nako mara nyingi huleta kioo cheusi, kwa sababu video hizo zimelindwa. Dawa ni kifaa kidogo cha kuchomeka kwenye HDMI, kama Roku au Fire TV Stick. Sauti hali kadhalika: spika za ndani ni za kusikia kwamba mtu anaongea. Tumia spika ya nje kwa waya ukiweza, kwani Bluetooth wakati mwingine huchelewesha sauti, midomo ikatangulia na maneno yakafuata.

Skrini ya kununua si lazima mwanzoni. Ukuta uliopigwa lipu ukalainika na rangi nyeupe isiyong'aa unatosha sana, na pesa iliyobaki inunulie mapazia mazito. Rangi ya kung'aa iepuke, itakuonyesha doa la mwanga wa lenzi katikati ya kila picha.

Siku inapofika nyumbani, usitupe boksi. Weka ukurasa wenye maandishi madogo, urekebishe lenzi hadi katikati pawe pakali, kisha utazame kona nne moja moja. Kona moja ikiwa na ukungu kidogo, vumilia. Zikiwa mbili au tatu, lenzi ni mbaya. Halafu cheza filamu nzima bila kuigusa, na mwishoni rudisha ukurasa ule ule wa maandishi. Projekta dhaifu hupoteza ukali zinapopata joto, na muuzaji hujaribu kwa dakika 5 tu. Ukikuta herufi zimelegea baada ya saa 2, ifunge uirudishe wiki hiyo hiyo.