Airisi ya Siberia: ununue ipi, na ikiwa katika hali gani

Airisi ya Siberia (Iris sibirica na jamaa zake) ni ua la nchi zenye baridi kali. Kwa anayelima bustani Minnesota, Toronto au Hamburg, ni ua la kudumu lisilo na matata mengi. Aliyeko Dar es Salaam au Mombasa asipoteze hela yake: bila miezi ya baridi halichanui.

Wanunuzi wengi huvutwa na rangi ya picha, ilhali cha kutazama kwanza ni mizizi. Airisi yenye ndevu (aina nyingine, ua lake lina nywele kama ndevu) ina tunguu, yaani shina la chini ya ardhi, nene linalostahimili kukaa kavu kwa wiki kadhaa. Hii ya Siberia tunguu lake ni jembamba, na mizizi yake myembamba ikikauka, mmea hufa au hudumaa. Ndiyo maana njia za kununua tumezipanga hivi, iliyo bora kwanza:

1. Kipande cha mmea kilichong'olewa karibuni, kutoka kwenye kitalu kinachozalisha miche yake chenyewe. Huuzwa mwishoni mwa Agosti na Septemba, mizizi ikiwa imefungwa kwenye karatasi yenye unyevu. Dai chipukizi 3 hadi 5. Kipande chenye chipukizi moja hukuchelewesha ua kwa miaka. Kikifika, loweka mizizi usiku kucha, upande kesho yake. Ardhi isigande kabla ya wiki 6 kupita.

2. Mche wa kwenye chungu, kama wa lita 4, wakati wa majira ya kuchipua, baridi inapoisha. Bei ni kubwa zaidi, ila kwa anayeanza ndio salama. Uchomoe kidogo: mizizi migumu yenye rangi ya krimu ni mizima, ya kahawia inayobonyea imeoza.

3. Mfuko wa plastiki wa dukani, Februari au Machi. Rahisi, na mara nyingi umeshakauka. Tunguu likiwa gumu na lina chipukizi la kijani, jaribu. Likiwa jepesi, liache. Jina lililoandikwa usiliamini sana.

4. Mbegu. Zinahitaji wiki kadhaa za ubaridi na unyevu ndipo ziote, kisha miaka 2 hadi 3 ndipo zichanue, na hazirudishi aina ya mama. Ni za mwenye subira.

Kuhusu aina, tungeanza na 'Caesar's Brother', ya zambarau iliyoiva, iliyotolewa na F. Cleveland Morgan wa Kanada mwaka 1932. Ina nguvu, hufika karibu sentimita 90, na bei yake imeshashuka. Ya pili ni 'Butter and Sugar', nyeupe na njano, kazi ya Currier McEwen, daktari wa Marekani aliyezalisha pia maua. Ni fupi kiasi, inafaa mbele ya kitalu cha maua. Kwa nyeupe tupu, chukua 'White Swirl'. Aina mpya za bei mbaya ziachie wakusanyaji. Bustanini haziishi zaidi ya hizi.

Panda penye jua kwa muda wa saa 6 au zaidi kwa siku, tunguu likiwa sentimita 3 hadi 5 chini ya udongo. Anayeliweka juu juu, kama la airisi yenye ndevu, hulikausha. Acha sentimita 60 kati ya miche, changanya mboji, tandaza majani makavu. Mwaka wa kwanza maji ni ya lazima: kina cha karibu sentimita 2.5 kwa wiki mvua isiponyesha. Ua usilitarajie kwa wingi kabla ya mwaka wa pili.

Majani yakiwa manjano huku mishipa ikibaki kijani, udongo una chokaa nyingi; airisi hii hupenda tindikali kidogo, pH (kipimo cha tindikali) 5.5 hadi 6.9, kwa hiyo chokaa na majivu viwekwe mbali nayo. Ikikataa kuchanua, kwanza angalia kivuli cha mti uliokua jirani. Na katikati ya kichaka chake pakibaki tupu baada ya miaka mingi, king'oe mwishoni mwa majira ya joto ya huko, ukate vipande vya chipukizi 3 hadi 5 kutoka pembeni na uvipande siku hiyo hiyo.