Sindano ya santuri: kabla hujanunua, fikiria chemko
Malalamiko ni yale yale kila siku, "dada nimebadilisha kartriji, hela imeenda, mbona wimbo wa mwisho bado unakwaruza?" Ukimuuliza hiyo kartriji, yaani kile kidude kinachoshika sindano, uliichaguaje, anasema muuzaji kamwambia ina besi nzito. Besi! Besi hata sindano ya bei chee inakupa.

Shida iko kule ndani karibu na lebo. LP, yaani santuri kubwa, inazunguka kwa mwendo ule ule mwanzo mpaka mwisho, kule pembeni mfereji unapita chini ya sindano kama sentimita 50 kwa sekunde, ukikaribia lebo ni kama 20 na kidogo tu, yaani sauti ile ile imebanwa kwenye nafasi isiyofika hata nusu, na ncha nene haiingii kwenye vikona hivyo, ndo unasikia "s" zinageuka mchanga na matarumbeta yanapasuka. Sasa muziki wa dansi umekaaje? Mashairi taratibu mwanzoni, chemko mwishoni, yaani pale muziki unapochanganya watu wacheze, magita yote yanajibizana! Pale penye utamu ndo pale sindano inapokuangusha. Na LP za bendi za Dar zilizochapwa Kenya, ukiipata iliyotunzwa leo, huiwekei ncha butu.

Kwa hiyo umbo la ncha kwanza, mengine baadaye.

Namba moja, na sijifichi mi ni mtu wa Audio-Technica, ni AT-VM95ML. Ncha yake ya maikrolinia ni nyembamba, inafuata mfereji mpaka mwisho bila kelele. Bei ni zaidi ya mara mbili ya AT-VM95E, ila kampuni yenyewe inaipa ML saa 1,000 za kupiga kabla sindano haijaisha, na E saa 300, piga hesabu mwenyewe.

Namba mbili ni hiyo hiyo E, kwa sababu mwili ni uleule na sindano inachomoka kwa vidole, unaanza nayo, ukipata hela unachomeka ya ML.

Tatu, Ortofon 2M Blue ya Wadenmark. Inang'aa, nzuri, lakini kwa bei ile mi sioni kwa nini usichukue ML. Kama tayari una 2M Red, ndugu yake wa chini, hapo sawa, sindano ya Blue inaingia. Nne Nagaoka MP-110, laini, inavumilia santuri zilizochakaa.

AT3600L ni rahisi na inapiga, basi. Pleya za begi, zile zinazofungwa kama sanduku, achana nazo.

Sasa wauzaji. Mtu anakuuzia "Shure mpya kabisa" wakati Shure waliacha kutengeneza kartriji 2018, labda ni stoo ya zamani, labda feki, yeye hajui na hataki kujua. Ukiomba kuiangalia ncha kwa lensi unaambiwa ukifungua boksi umenunua, kumbe boksi lenyewe lishafunguliwa na gundi inaonekana! Bei nayo inafuata dola ikipanda, ikishuka haifuati.

Kufunga usilipie ovyo, ni waya nne, nyekundu, nyeupe, kijani na bluu, kisha karatasi ya kupangia pembe ya kartriji, na uzito wa sindano juu ya santuri gramu 2 kwa hizo VM95. Kamzani kadogo ka kupimia nunua, maana nilishakutana na fundi anayedai hela ya kufunga, na uzito anapima kwa jicho.