Kilti kwa mwenye mwili mkubwa: uzoefu wangu Glasgow

Duka silitaji. Lipo Glasgow, lina madirisha mapana na masanamu yaliyovikwa kilti, ile sketi ya marinda ya wanaume wa Kiskoti, yote ya watu wembamba. Kama una mwili kama wangu na umealikwa harusi ya Kiskoti, soma kwanza kabla hujatoa hela.

Shemeji yangu, kaka wa mke wangu, alikuwa anaoa, na wakwe wote wangevaa tartani, yaani kitambaa cha miraba, ya ukoo wao. Kuniambia na mimi niivae ni heshima kubwa. Kwa hiyo sikutaka ya kukodi, nikaagiza ya kushonewa na kulipa arubuni. Kijana wa duka akaniuliza saizi ya suruali, akaandika, akafunga daftari. Futi ilikuwa inaning'inia shingoni mwake muda wote ule! Nikamwomba anipime. Akasema hakuna haja, namba ya suruali inatosha.

Haitoshi. Mwenye kitambi suruali anaifungia chini ya tumbo. Kilti inakaa juu, usawa wa kitovu, na hapo ndipo mimi ni mpana kuliko kote. Siku ya kuichukua, mikanda haikufika kwenye bizimu. Tukaishusha ifungwe chini ya tumbo, mbele ikapita magoti, na nyuma marinda yakafunguka kama mwavuli kwa sababu makalio nayo hayakupimwa.

Kijana akanitazama toka juu hadi chini, shemeji yupo pale pale, wateja wengine wanasikia. Akasema: "Kwa mwili wako bora suruali ya tartani. Kilti si vazi la watu wa saizi yako."

Uongo mtupu. Nenda kwenye michezo ya Kiskoti ya Braemar mwezi wa tisa uwaone wanaume wanaorusha magogo na mawe, miili mikubwa kuliko wangu, wote wanashindana ndani ya kilti. Kilti inafuata mwili, mradi fundi apime.

Nilimpata mama mmoja anayeshonea nyumbani kwake. Alipima kiunoni penyewe, akapima makalio, akapima urefu wa mbele peke yake na wa nyuma peke yake, maana tumbo linakula kitambaa cha mbele. Akanikalisha kitini, akapima tena. Kwa kawaida, akasema, marinda hupunguzwa kuanzia makalioni kwenda kiunoni, lakini kiuno kikizidi makalio ukipunguza hivyo unaharibu kila kitu. Yangu akayashona yaende wima. Na ile hesabu ya yadi 8 iliyozoeleka akaiongeza ikawa 9. Hakusema neno hata moja kuhusu unene wangu.

Ni ghali, siwafichi, na simu hapokei. Wiki ya harusi nilikuwa sipati usingizi. Kwa hilo nilitaka kumkata nyota moja. Lakini nilipoivaa, pindo likagusa katikati ya goti mbele na nyuma, marinda yametulia, nikacheza usiku kucha bila kuivuta hata mara moja. Mama mkwe alinishika mkono, akaniambia nimependeza. Simkati kitu. Nyota zote tano.

Lile duka nilikusudia kulipatia nyota mbili, kwa kuwa kitambaa chenyewe kilikuwa sufu nzuri, na labda kijana alikuwa mgeni wa kazi. Ila arubuni wamegoma kurudisha: eti nguo ya kushonewa hairudishwi. Imeshonewa nani, kama hukunipima? Kanuni hiyo inamzuia mteja aliyebadili mawazo tu. Kitu kisicholingana na kilichoagizwa kinaangukia Sheria ya Haki za Watumiaji ya Uingereza ya 2015, na barua yangu ya kwanza imeshawafikia. Meneja amejibu kwamba kijana wake "alikuwa anashauri tu."

Mbili nimezifuta. Hata moja siwapi.