Miezi minne na bastola ya leza ya mazoezi: uzoefu wangu hapa Lubumbashi

Hamu ilinishika wakati wa Olimpiki ya Paris 2024. Nilimwona Yusuf Dikeç wa Uturuki amesimama ametulia, mkono mmoja mfukoni, na yeye na mwenzake Şevval İlayda Tarhan wakapata medali ya fedha kwenye bastola ya hewa ya mita 10. Nikasema, mchezo huu nami naweza kuujifunza hata kama umri umekwenda.

Lakini huku kwetu neno bastola halitamkwi ovyo. Jirani yangu alikimbia vita akaja kukaa Katuba. Sikutaka kumletea mlangoni kitu cha kumrudisha huko. Ndiyo maana nilichagua ya leza, yenye rangi ya machungwa, isiyotoa risasi wala mlio. Hata wachezaji wa pentathloni, yale mashindano ya michezo mitano, walipiga leza kwenye Olimpiki ya London 2012. Ilipofika kupitia mpaka wa Kasumbalesa nilimwonyesha jirani kwanza, kisha nikawaita watu wote wa lupango, yaani ua wetu, waione. Sheria nimeziweka zilezile za silaha ya kweli: haielekezwi kwa mtu, kidole kinakaa nje ya triga mpaka umelenga, na haitoki nje ya geti.

Nililipa dola 140 pamoja na usafiri. Ndani ya boksi kuna bastola, shabaha yenye vihisio, na programu ya simu inayochora mstari wa mkono wako ulivyotembea kabla ya kupiga na baada ya kupiga. Mstari huo peke yake unastahili pesa yote.

Wiki mbili za kwanza nilikuwa napiga hovyo kabisa. Yaya yangu, yaani mkubwa wangu wa kuzaliwa, anacheza mchezo huu Afrika Kusini, nikampigia simu. Akaniuliza, “Leki (mdogo wangu), macho yako yanaangalia wapi?” Nikamjibu, kwenye shabaha, wapi tena? Akasema, “Basi hapo ndipo unapokosea. Angalia kinundu cha mbele, kile cha kulengea juu ya mtutu. Shabaha iache iwe ukungu.”

Nilibisha. Tukakaa tukapiga hesabu kwenye simu. Kwenye bastola yangu, kutoka pengo la kulengea la nyuma mpaka kinundu cha mbele ni kama sentimita 32. Kinundu kikihama milimita 1 tu ndani ya lile pengo, kwenye mita 10 pigo linahama sentimita 3. Lakini mkono mzima ukiyumba sentimita 1 huku kinundu na pengo vimekaa sawa, unakosa kwa sentimita 1 hiyohiyo. Na duara la kumi, lile la katikati lenye pointi 10, lina upana wa milimita 11.5, ukucha wa kidole gumba unalifunika. Tangu siku ile sikuogopa tena mkono kutetemeka. Kila mkono unatetemeka.

Kilichobaki ni triga. Mapigo yangu yalikuwa yanaangukia chini kushoto, na ule mstari ukaonyesha sababu: nusu sekunde kabla ya kupiga, mkono ulikuwa unashuka ghafla, kwa sababu nilikuwa naivuta triga kwa pupa na kukaza vidole vyote pamoja. Dawa niliyopewa ni kifuniko cha chupa ya bia ya Simba. Unakiweka juu ya mtutu, unavuta pumzi, unaitoa nusu, halafu unaibana triga polepole, kidole kimoja tu kikifanya kazi, mpaka ifyatuke. Kifuniko kisianguke. Na ikishafyatuka, usishushe mkono. Kaa hapo kwanza, macho bado kwenye kinundu. Jioni ya kwanza kilianguka mara 17 kati ya 20. Bado nakisikia kilivyokuwa kinalia kwenye saruji.

Kuna kasoro. Jua likiwaka, vihisio havisomi kitu, kwa hiyo napiga saa kumi na mbili asubuhi au jioni, shabaha ikiwa chini ya ukuta wa jikoni. Skrubu ya kurekebisha leza ililegea wiki ya tatu, na muuzaji alikaa siku 12 bila kujibu. Niliikaza mwenyewe kwa bisibisi ya fundi saa. Maelezo ya kutumia yameandikwa vibaya. Uzito wake pia ni mdogo, na hutajifunza hapa namna bastola ya kweli inavyorusha mkono. Kama unatafuta mshindo, usinunue.

Kwa kujifunza msingi, naipa nyota nne bila kusita, mradi uwe na dakika 20 kila siku. Kwa mapigo 10 nilianzia pointi 51. Jumamosi iliyopita nilipata 83. Mwanangu wa miaka 12 naye ameomba. Kwa sasa anashika tu, mkono umenyooka, kifuniko juu ya mtutu, anahesabu mpaka 30. Triga bado hajaigusa.